Wimbo Ukiisha, Watu Waende Wapi?

Somo la kikundi: Philly Lutaaya na miezi yake minane



Tangu vikundi vyetu vya Kariandusi na pande za Gilgil vianze kupanga siku za kuzungumza na watu juu ya UKIMWI, swali moja limekuwa likinijia kila mara, kutoka kwa akina mama na kutoka kwa vijana pia: "Tukimwalika yule kijana wetu mwimbaji, si watu watakuja wengi?"

Jibu ni ndiyo, watakuja. Weka spika mbili na jenereta sokoni siku ya soko, hata yule mzee ambaye hajaonekana kwenye baraza la chifu tangu mwaka jana atatoka kwake, aje asimame kando akijifanya ananunua viazi. Hilo halina ubishi. Lakini mimi nami huwa na swali langu, na nikiliuliza, kikundi hunyamaza kidogo. Wimbo ukiisha, hao watu waende wapi? Wazungumze na nani? Kijana aliyeguswa moyo pale, akitaka kupimwa jioni hiyohiyo, mlango uko wapi?

Kwa somo la leo tutamwangalia mwimbaji mmoja wa Uganda, Philly Bongoley Lutaaya. Wengi wenu wenye umri mnakumbuka jina lake. Vijana labda hawamjui kabisa, na ndio ninaotaka wasome hapa kwa makini, kwa sababu yeye aliutumia muziki kwa kazi ya watu kwa namna ambayo wachache sana wameithubutu.

Barabara ni moja

Lori linalopita hapa Kariandusi likitoka Mombasa hupanda Nakuru, likapita Eldoret, likafika Malaba, na safari nyingi huishia Kampala au mbele yake. Katika miaka ya 1980 watafiti wa afya waliifuata barabara hiihii walipotaka kujua virusi vya UKIMWI vinasafiri namna gani. Pahali madereva waliposimama kulala, kula na kustarehe ndipo walipokuta maambukizi mengi. Kwa hiyo msiseme habari za Uganda ni za mbali.

Huko Uganda ugonjwa ulikuwa umeshika mapema. Watu walikonda hadi wakabaki mifupa, ndipo wakauita "siliimu," yaani ugonjwa wa kukonda. Wengine walisema ni uchawi, wengine wakasema ni laana kwa wafanyabiashara wa magendo. Mwezi Mei mwaka 1986 waziri wa afya wa huko, Ruhakana Rugunda, alisimama mbele ya mkutano wa afya wa dunia mjini Geneva akasema wazi kwamba nchi yake ina UKIMWI. Serikali nyingi wakati huo zilikuwa zinakana, zikiogopa watalii watakimbia. Sisi wenyewe Kenya mgonjwa wetu wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984, lakini ilichukua hadi Novemba 1999 kabla ya Rais Moi kutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi, halafu kila mmoja amkumbuke mtu wa kwao aliyezikwa katika miaka hiyo, na yale tuliyoambiwa makaburini: "kifua," "malaria," "alirogwa."

Mwaka 1987 mama mmoja wa Kampala, Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alianza shirika la TASO pamoja na wenzake wachache. Walikutana wakapeana moyo, wakawatembelea wagonjwa manyumbani. Mkitazama vizuri mtaona kilianza kama kikundi cha kujisaidia, kama chenu.

Philly ni nani?

Alizaliwa mwaka 1951. Aliacha shule akafuata muziki, akazunguka na bendi katika nchi zetu hizi, na miaka ya 1980 akahamia Sweden. Huko alitoa nyimbo za "Born in Africa" zilizompa jina kubwa nyumbani. Alitoa pia nyimbo za Krismasi kwa Kiganda, na hadi leo Desemba ikifika Uganda ni yeye anayesikika madukani na kwenye matatu. Alikuwa mtu wa nguvu jukwaani, anavaa vizuri, anapendwa na wasichana kwa wavulana. Kwa kifupi, alikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Mwezi Aprili mwaka 1989 alisimama mbele ya watu akasema: mimi nina UKIMWI.

Hakuna Mganda mashuhuri aliyekuwa amesema hivyo kabla yake. Wakati huo hakukuwa na dawa za kumwezesha mgonjwa kuishi kama tulizo nazo leo, na mtu aliyetajwa kuwa na virusi alihesabiwa maiti anayetembea. Aliweza kufia Ulaya kimyakimya, jamaa zake wakasema ni maradhi mengine. Aliamua kurudi nyumbani kuonyesha mwili wake ukiisha.

Alitunga na kurekodi wimbo aliouita "Alone and Frightened," juu ya mtu aliyebaki peke yake na hofu yake. Wimbo huo ulipigwa Uganda nzima na ng'ambo pia. Lakini naomba hapa tusiende haraka, maana wengi wakisimulia habari za Philly huishia kwenye wimbo, na mimi naona kazi yenyewe ilikuwa pahali pengine.

Hawakumwamini

Kwanza, watu walikataa. Mnadhani mtu akijitoa namna hiyo kila mtu atalia na kumkumbatia? Walisema anadanganya. Walisema anatafuta soko ya kanda zake. Wengine wakasema amelipwa ili awatishe watu. "Mbona anaonekana mzima?" Hilo ndilo neno lililorudiwa sana, nasi tunalijua, maana hata leo utalisikia hapa stendi: "Yule? Aa, yule hawezi kuwa nayo, muone alivyonenepa."

Angalikuwa anafanya tamasha tu, yangeishia hapo. Watu wangesikia, wangecheza, wangebishana wakienda nyumbani. Yeye alifanya nini? Aliwafuata. Alikwenda mashuleni, makanisani, pahali watu wanapofanya kazi. Huko hakuimba tu. Alizungumza, akaulizwa maswali, akayajibu. Wanafunzi walimwambia usoni kwamba hawamwamini, naye akaendelea kusimama pale. Kuna filamu iliyomfuata katika safari hizo, ikaonyeshwa mwaka 1990, nayo ina jina lilelile la "Born in Africa." Ndani yake unaona mtu ambaye miezi inavyokwenda anazidi kukonda, sauti inapungua, lakini anaendelea kwenda.

Miezi ilikuwa minane tu. Tarehe 15 Desemba 1989 alifariki, akiwa na umri wa miaka 38. Wale waliosema anadanganya hawakuwa na la kuongeza.

Mlinganishe na wenzake. Mwaka 1987 Franco Luambo wa Zaire ya wakati huo, mkubwa wa muziki wa Afrika nzima, alitoa wimbo wa kuonya watu juu ya UKIMWI. Ni wimbo mzito, na alistahili heshima kwa kuutoa. Lakini alionya kama mzee anayeonya vijana, kutoka juu. Alipofariki Oktoba 1989, miezi miwili tu kabla ya Philly, watu walibaki wakinong'ona juu ya kilichomuua. Hapa Kenya baadaye Princess Jully, aliyeichukua bendi ya mumewe Prince Jully baada ya mume huyo kufariki mwaka 1997, aliimba "Dunia Mbaya," na nani kati yetu hakuusikia? Ulifika kila arusi na kila matanga. Simdharau hata mmoja kati ya hawa. Ninachosema ni kwamba anayesema "jihadharini" husikilizwa kwa sikio moja, na anayesema "mimi" husikilizwa kwa yote mawili.

Nyuma ya wimbo palikuwa na nini?

Mtu aliyemsikiliza Philly akaogopa, akataka kujua hali yake, alikuwa na pa kwenda. TASO ilikuwepo tayari miaka miwili. Na mapema mwaka 1990, wiki chache baada ya kifo chake, kilifunguliwa mjini Kampala kituo cha mtu kwenda kwa hiari yake kupimwa na kushauriwa, kwa sababu watu waliotaka kujua hali zao walikuwa wamezidi na hospitali haziwezi. Watu wenye virusi nao walianza mpango wa kwenda mashuleni kutoa ushuhuda, wakaupa jina la Lutaaya. Uganda bado humkumbuka kila tarehe 17 Oktoba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 inakadiriwa kwamba watu wazima wapatao 15 kati ya kila 100 nchini Uganda walikuwa na virusi. Miaka kumi baadaye walikuwa 5 au 6. Je, ni wimbo uliofanya hivyo? Hapana, na tusidanganyane. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kusikitisha: wengi walikufa, na aliyekufa hahesabiwi tena. Sehemu nyingine ni viongozi waliosema wazi, makanisa na misikiti, redio, wauguzi, akina Kaleeba na wajane waliotembea kwa miguu nyumba kwa nyumba, na vijana waliobadili mwenendo. Mwimbaji alifungua midomo ya watu. Midomo ilipofunguka, wengine walikuwa tayari na kazi.

Nimeona siku nyingi za uhamasishaji katika miaka yangu ya kazi, na nyingi zilikuwa na fulana, na soda, na mgeni wa heshima aliyechelewa saa tatu. Zilizobadilisha kitu ni chache, na karibu zote zilikuwa na meza ndogo pembeni, na muuguzi ameketi hapo.

Vijana wa siku hizi

Msidhani ni lazima mtu awe mgonjwa ndipo muziki wake usaidie. Juliani, ambaye jina lake ni Julius Owino, alizaliwa mwaka 1984 akakulia Dandora, Nairobi, karibu na lile jaa kubwa la taka. Akiwa bado kijana aliimba na kundi la Ukoo Flani Mau Mau, kisha akaendelea peke yake na nyimbo za kuwauliza vijana maswali magumu juu ya maisha yao na uongozi. Angeweza kuhama Dandora akasahau. Badala yake alisaidia kuanzisha pale pahali panapoitwa Dandora HipHop City, vijana na watoto wakawa na nyumba ya kujifunza muziki na mambo mengine. Ukawako pia mpango wa "Taka Bank": mtoto analeta taka zinazoweza kutumika tena, anaandikiwa pointi, na pointi zinabadilishwa kwa vitu anavyohitaji. Aliyeimba juu ya taka aliweka mizani ya kupimia taka. Mwaelewa ninakotaka kufika?

Upande mwingine kuna Eric Wainaina na "Nchi ya Kitu Kidogo," wimbo wa mwaka 2001 dhidi ya hongo. Tuliuimba wote. Mimi mwenyewe nimewahi kupanda matatu ambayo wimbo huo unapigwa kwa sauti, na kondakta huku nyuma amekunja noti ndogo tayari kwa kizuizi kinachofuata. Tulicheka sana siku ile. Si kosa la mwimbaji. Alitupa maneno ya kusema jambo ambalo tulikuwa tukilinong'ona, na hiyo ni kazi kubwa. Lakini abiria kumi na wanne waliojua wimbo wote kwa moyo hawakuwa na pa kuupeleka.

Na karibu zaidi nasi, mjini Nakuru, kuna kikundi kiitwacho REPACTED ambacho kwa miaka mingi kimefanya michezo ya kuigiza mitaani juu ya UKIMWI na amani. Igizo linafika pagumu, linasimama, na watazamaji wanaulizwa: huyu dada sasa afanye nini? Mtu anatoka kwenye umati anaingia mchezoni kuonyesha angefanyaje. Tena wanarudi pahali palepale siku nyingine, watu wakawazoea. Wale wetu waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanza katika majimbo ya Kanisa hapa Kenya miaka ya 1970, watatambua mara moja njia hiyo. Mtu haletewi jibu. Anaonyeshwa shida yake kama kwenye kioo, halafu anaulizwa: umeona nini? Kwetu iko? Inaletwa na nini? Tutafanya nini?

Sasa hapa kwetu

Kariandusi tuna watu wa kila namna: wafanyakazi wa machimbo ya diatomaiti wanaorudi jioni weupe kama waliomwagiwa unga, madereva na makondakta wa malori, vijana wa bodaboda, wasichana waliokuja kutafuta kazi, wakulima, wafugaji, wageni wanaokuja kuona mashoka ya mawe ya kale na flamingo wa Elementaita. Kijana mwenye sauti na kinanda anaweza kuwakusanya wote hao pamoja kwa saa moja. Sisi wengine hatuwezi hata tukipiga filimbi mchana kutwa.

Haja ipo. Sehemu kubwa ya maambukizi mapya nchini ni kwa vijana. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, mipango mingi ya UKIMWI hapa Kenya ikatikisika, na baadhi ya wafanyakazi waliokuwa wakifuatilia wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Mgonjwa aliyekuwa akipigiwa simu akumbushwe dawa zake sasa mara nyingine hana wa kumpigia. Jirani yake katika kikundi anaweza, ikiwa mgonjwa mwenyewe amekubali.

Na habari ya leo si ile ya 1989. Hili mwimbaji wenu ni lazima alijue kabla hajashika kipaza sauti, maana bado nasikia nyimbo mpya zinazoimba juu ya UKIMWI kama jeneza. Dawa za ARV zinatolewa bure katika hospitali za serikali tangu mwaka 2006. Anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo haviambukizi kwa mwenzake kwa njia ya ngono. Mama mwenye virusi akitunzwa vizuri huzaa na kunyonyesha mtoto asiye navyo. Joe Muriuki, anayekumbukwa kuwa Mkenya wa kwanza kujitangaza, aliambiwa mwaka 1987 kwamba ana virusi, akaishi zaidi ya miaka 30 baada ya hapo. Wimbo unaotisha tu humfanya mtu aogope kupimwa. Mwambieni kijana wenu hivyo bila kumvunja moyo, na mkae naye pamoja na muuguzi asome maneno ya wimbo wake kabla ya siku yenyewe.

Jambo la ushuhuda linanisumbua zaidi, na hapa naomba viongozi wa vikundi wanisikilize vizuri. Baada ya kusoma habari za Philly kuna atakayesema: "Basi tumtafute mtu mwenye virusi asimame aseme." Taratibu. Philly alichagua mwenyewe, akiwa mtu mzima, mwenye jina, mwenye pa kukimbilia. Binti wa miaka kumi na tisa wa hapa kijijini akisema mbele ya soko lote, kesho atachota maji kwenye bomba lilelile, na kesho kutwa mtu wa kumwoa atabadili mawazo. Nimeona mtu akishangiliwa Jumamosi, Jumatatu vyombo vyake vikatengwa kibandani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya UKIMWI inakataza kutoa habari za hali ya mtu bila idhini yake, na idhini haipatikani kwa kusukumwa mbele ya wanachama ishirini. Watoto msiwaguse kabisa katika jambo hili. Kama yupo aliye tayari kwa hiari yake, mwulizeni kwa faragha zaidi ya mara moja, mwulizeni nyumbani kwake wanajua, na kikundi kikubaliane ni nani watakaokuwa naye wiki inayofuata. Kama hayupo, msione haya. Igizo linatosha, na mwimbaji anaweza kuimba kwa niaba ya mtu asiyetajwa.

Kuhusu pesa nitasema kidogo tu. Mwimbaji naye hula. Msimwambie "utapata jina" halafu arudi nyumbani kwa miguu na kinanda kichwani. Kikundi cha wanachama 25, kila mmoja akitoa shilingi 100, kina shilingi 2,500 za petroli ya jenereta, nauli na chakula cha mchana. Hesabu isomwe mkutano unaofuata, hata kama ni ndogo. Mkimwita mwanasiasa achangie, jueni kipaza sauti kitakuwa chake, na siku hiyo watu watakumbuka jina lake badala ya zahanati. Ni shauri lenu, lakini mimi nisingemwita.

Mkutano ukiwa wa hadhara, pelekeni barua kwa mkuu wa kituo cha polisi mapema. Sheria inataka ipelekwe si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Mwarifuni chifu pia. Na kabla ya barua yoyote, nendeni zahanati. Waulizeni wanaweza kutoa mtu siku gani, vipimo viko, na je, atakayekutwa na virusi ataanza dawa siku hiyohiyo au ataambiwa aende Gilgil? Kama ni Gilgil, nauli yake ni ya nani, na nani wa kumsindikiza? Maana wengi hupotea hapo katikati, kati ya karatasi ya majibu na mlango wa kliniki. Mkipata jibu la swali hilo, hata mwimbaji awe na sauti ya kawaida, siku yenu itakuwa na maana.

Maswali ya kujadili katika kikundi

(Jigaweni watu watano watano. Aliyezoea kusema sana awe wa mwisho kusema. Katibu aandike majibu ya 3 na 5.)

1. Watu wa Uganda walisema Philly anadanganya kwa sababu alionekana mzima. Hapa kwetu tunawapima watu kwa macho namna gani?

2. Kati ya nyimbo ambazo vijana wetu wanaimba sasa, ni upi uliowahi kukufanya ufanye jambo fulani, siyo kucheza tu? Ulifanya nini?

3. Tuseme wimbo umeisha saa kumi jioni na watu wanane wanataka kupimwa. Kila mmoja wa kikundi aseme atakuwa amesimama wapi saa hiyo, na kazi yake ni ipi.

4. Jirani yako akikwambia kwa siri kwamba ameacha kumeza dawa, utamjibu nini? Wawili wainuke waigize. Wengine watazame bila kucheka.

5. Siku ya soko tunayoitaka ni tarehe ngapi, na ni nani atakayekwenda kuonana na muuguzi kabla ya Ijumaa?